Soda ya Swali

Watu wanaotunza databesi za kompyuta wana roho ngumu, na nasema hivyo nikiwa mmoja wao. Fundi wa magari akikwama humwita fundi mwenzake, wakalala chini ya gari pamoja, wakatukanana kidogo, gari likawaka. Sisi tulikwama kila mtu peke yake, mlango umefungwa, na tukitoka nje tulitoka tukitabasamu. Miaka ile ya elfu mbili na kitu, mtandao Kitale ulikuwa ukiuzwa kwa dakika, na vitabu vya kazi yetu havikuwa vikiuzwa kabisa. Jambo usilolijua hukuwa na njia ya kulijua ila umpate mtu anayelijua. Ndiyo sababu nilikivumilia kikundi cha Bungoma kwa muda mrefu kuliko kilivyostahili.

Kikundi kilikutana Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha saiba moja, duka la kukodisha mtandao, ukuta mmoja na duka la vifaa vya ujenzi. Mwenye duka alikuwa ameegemeza mabati yake kwenye dirisha letu, kwa hivyo tulikaa na taa mchana wote, tukinusa rangi na saruji. Palikuwa na mabenchi, ubao na kompyuta moja kuukuu ya kufanyia mfano. Hakuna aliyeitwa kwa jina lake. Ulipewa jina la kile unachokitunza, upende usipende. Jamaa aliyetunza matokeo ya shule za binafsi aliitwa Mtihani. Mama mmoja kutoka upande wa Mabanga, aliyeandika hesabu za chama cha wafugaji wa kuku, aliitwa Mama Kuku, na alikuwa amezoea. Mimi nilitoka Kitale kwenye chama cha ng'ombe wa gredi, basi nikawa Maziwa. Niliwaeleza kwamba situnzi maziwa, natunza ukoo wa ng'ombe. Walisikia, wakaendelea kuniita Maziwa.

Mkubwa wetu alikuwa Injinia. Hakuwa injinia. Alianza kama karani wa stoo katika kampuni ya kusambaza dawa hapo Bungoma, akajifundisha databesi mwenyewe, usiku na mchana, mpaka kampuni nzima ikawa haiwezi kuuza hata kopo la dawa bila yeye. Mgala muue na haki yake mpe: mtu yule alijua kazi. Ungemwandikia swali la databesi ubaoni, swali linalochukua robo saa kujibiwa na mashine, naye angeinuka na chaki, afute mstari mmoja, aongeze mwingine, na mashine ijibu kabla hajakaa. Lakini alichukia vyeti. Mimi nilikuwa na diploma ya chuo kimoja cha Eldoret, na hilo hakunisamehe hata siku moja. Kila nikikosea jambo aliwageukia wengine akasema, kwa ulimi wake wa kugeuza l kuwa r, "Diproma hiyo."

Halafu kulikuwa na soda. Waswahili husema kuuliza si ujinga. Hao hawakuwahi kufika Bungoma Jumamosi. Katika kikundi chetu, swali la kijinga lilitozwa soda, na si soda moja, soda ya kila mtu aliyekuwa chumbani. Nilisikia kwamba mwanzoni ulikuwa mzaha tu, njia ya kumfanya mtu asome kidogo kabla ya kuja kusumbua wenzake. Huenda. Nilipofika mimi ilikuwa sheria, na hakimu alikuwa Injinia peke yake. Ungeuliza, angekutazama, angekuuliza umesoma wapi kwanza, na kabla hujajibu angesema, "Reta soda." Chumba kizima kingecheka. Ungetoka nje dukani ukiwa umebeba aibu yako, urudi na kreti, uwafungulie mmoja mmoja, na mpaka umalize kuwafungulia, swali lenyewe lilikuwa limesahaulika. Sikumbuki soda hata moja iliyowahi kuja na jibu.

Basi watu wakaacha kuuliza. Tuliketi tukimsikiliza Injinia, tukitikisa vichwa, tukinakili ubaoni hata tusichokielewa. Ukitutazama ungedhani tunaelewa sana.

Mimi sikuwa na nafasi ya kukosa kuelewa. Ng'ombe wa wanachama wetu walikuwa wengi, kuanzia mashamba ya karibu na mji mpaka Endebess na juu mlimani, na kila ndama aliyezaliwa nilimwandika: namba ya sikio, mama yake, nyanya yake, na fahali aliyetoa mbegu. Mkulima alipotaka kumpandisha mtamba wake alikuja kwangu kwanza, aulize kama fahali anayemtaka si baba wa mtamba huyo huyo. Nikimjibu vibaya, angepata ndama dhaifu wa kuzaliana ndugu kwa ndugu, na kazi ya familia ya miaka mingi ingerudi nyuma. Zamani habari hizo zilikuwa kwenye kadi. Kompyuta ilipokuja, katibu wa chama alizichoma kadi nyuma ya ofisi kwa furaha, akisema sasa tumekuwa watu wa kisasa. Kwa hivyo ukoo wote wa ng'ombe wale ulikuwa ndani ya seva moja chini ya meza yangu, na mahali pengine popote haukuwako.

Katibu alikuwa daktari wa mifugo aliyestaafu, na tulimwita Daktari. Hakutaka mwanamke kwenye kazi ile tangu mwanzo, na hakunificha. Wiki ya kwanza tu aliniambia kwamba siku ng'ombe mmoja atakapopotea ndani ya mtambo huo, atamleta Injinia wa Bungoma akae kwenye kiti changu. Walikuwa wamekutana kwenye semina. Injinia alilijua jambo hilo na alilipenda. Hata mbele ya kikundi alinikumbusha, akiniuliza kama kiti changu cha Kitale bado kina joto. Nilikuwa nikisomesha wadogo zangu kwa kiti hicho. Kila nikiingia chumba kile chenye harufu ya saruji nilijua kwamba ninajifunza kutoka kwa mtu anayengoja nianguke.

Kitu alichotupa Injinia bila kinyongo kilikuwa skripti yake ya bakapu, programu fupi ya kuweka nakala ya akiba. Aliiandika mwenyewe na alijivunia sana. Jioni, watu wakienda nyumbani, skripti ile inaamka, inachukua data yako yote, inaitia kwenye faili moja, inaliandikia jina la databesi yako na tarehe. Asubuhi unalikuta faili lako, unalichoma kwenye CD, unaiweka kabatini. Kazi yako ilikuwa kuandika jina la databesi yako pale juu, basi. Kila mtu kikundini aliinakili. Mimi pia niliinakili, na kwa karibu mwaka mzima nilipanga CD kabatini nikilala vizuri.

Kilichonisumbua ni unene wa faili. Ilikuwa msimu wa kuzaa. Wakulima walikuwa wakija kila siku na habari za ndama, nikiandika mpaka vidole vinauma, na databesi yangu niliiona ikivimba. Lakini faili la bakapu halikuwa likinenepa. Lilikuwa na ukubwa ule ule wa mwezi uliopita, na wa mwezi uliotangulia huo. Nilipanga CD mezani nikazilinganisha. Zote zilikuwa sawa kama sabuni za boksi moja. Ng'ombe wanazaa, faili halikui. Nilijua kuna kitu, lakini sikujua ni kitu gani, na mtu wa kumuuliza alikuwa mmoja tu.

Nilikaa na swali hilo Jumamosi kadhaa. Nilikwenda Bungoma nikarudi nalo. Nililipanga upya kichwani ili lisisikike la kijinga, nikatafuta maneno makubwa ya kulivisha. Mwishowe nikachoka, nikasimama, nikauliza kama ninavyouliza sokoni: kwa nini bakapu yangu haikui ilhali data yangu inakua, na je, kuna mtu yeyote humu aliyewahi kuirudisha bakapu yake kwenye mashine nyingine akaona kilichomo?

Injinia akasema bakapu inabana data, ndiyo kazi yake, na kama diploma haikunifundisha hilo nirudishiwe karo yangu. Halafu akasema maneno ambayo watu waliyarudia baadaye kama mithali.

"Maziwa, bakapu ni kama sanduku ra maiti. Mkishazika mmezika. Nani anafukua kuangaria kama bado amerara?"

Chumba kilianguka kwa kicheko. Mama Kuku alicheka mpaka akashika ubavu. Mtihani alipiga benchi. Sikungoja niambiwe. Nilitoka nikaleta soda, nikawafungulia, na nilipofika kwa Mama Kuku hakunitazama machoni. Nilidhani ni kicheko bado kimemshika.

Jumatatu niliitoa stoo kompyuta moja mbovu mbovu iliyokuwa ya mhasibu, nikaipangusa, nikaiwekea programu, nikachukua CD ya wiki iliyopita na kuirudisha humo. Ilirudi bila shida. Nikafungua nione ng'ombe wangu. Nikakuta jibini.

Nilikuta jibini za kila aina, samaki wa makopo, chai za maboksi, na orodha ya wateja wenye majina ya Wazungu wanaoishi miji ya Ulaya ambayo sijui hata kuitamka. Nilifikiri nimeweka CD isiyo yangu. Nikaitoa, nikasoma mwandiko wangu juu yake, nikairudisha. Jibini. Nikajaribu ya mwezi wa nyuma. Jibini. Ndipo nilipoelewa, nikakaa chini. Programu zile zilikuja na duka la mfano, duka la vyakula la kubuni, ili mwanafunzi awe na data ya kuchezea. Injinia alipoandika skripti yake lazima alikuwa bado anajifundisha, akiijaribia kwenye duka hilo. Baadaye aliongeza pale juu nafasi ya kuandika jina lako, na jina hilo likawa linaandikwa juu ya faili vizuri kabisa. Lakini chini, kwenye mstari mrefu unaokimbia kulia mpaka nje ya kioo, pale penyewe panaposema data ichukuliwe wapi, alisahau kuliondoa jina la duka. Mwaka mzima nilikuwa nikiweka akiba ya jibini la watu wasiokuwako, nikiiita ng'ombe wa Endebess.

Radi moja tu ingepiga, na Kitale radi hazikosi, ukoo wote ungekuwa umekwisha. Sikuirekebisha skripti yake. Niliitupa, nikaandika yangu kutoka mwanzo, mistari michache ninayoielewa yote, na tangu hapo kila Ijumaa niliirudisha bakapu kwenye ile mashine ya mhasibu na kumtafuta ng'ombe mmoja kwa namba ya sikio. Nikimwona, naenda nyumbani.

Ningeweza kunyamaza. Nilikuwa na haki ya kunyamaza. Lakini nilifikiria dawa za watu Bungoma, matokeo ya watoto, hata kuku wa Mabanga, nikaona si vizuri. Jumamosi iliyofuata nilikwenda, sikungoja zamu, nikasimama mbele nikawaambia waziwazi kwamba skripti ya Injinia inachukua duka la mfano, kila mtu aende ajaribu. Niliandika ule mstari ubaoni na kulichorea jina la duka duara.

Injinia hakukasirika kwa sauti. Laiti angekasirika. Alisema taratibu kwamba skripti ikitoka mikononi mwake inakuwa nzima, na ikifika kwa watu wa maziwa inachacha. Alisema mimi ndiye niliyeigusa nikaiharibu, sasa natafuta wa kumbebesha. Akawauliza wengine kama kuna mwenye shida na bakapu yake. Nilitazama mabenchi yote. Mtihani akasema yake iko sawa kabisa. Mwingine akasema sawa. Mama Kuku akasema, "Yangu haina shida, Injinia. Labda ni diploma," na wakacheka tena, yeye kwa sauti kuliko wote. Injinia akafuta ubao. Akaniambia kikundi ni cha watu wanaotaka kujifunza, na kwamba Kitale kuna watu wengi, si nianzishe changu huko.

Nilifukuzwa hivyo, kwa adabu. Niliondoka nikiwa na hasira iliyokaa nami wiki nyingi, hasira ya kususia chakula. Nilijisemea wafe na jibini lao.

Radi ilipiga mwanzoni mwa mvua kubwa, alasiri, ofisi ikiwa imejaa wakulima. Taa zilizimika, kikasikika kishindo, na chini ya meza yangu ikatoka harufu ya waya ulioungua. Wakulima walitoka nje mbio. Niliinama nikaigusa seva, ilikuwa na joto na kimya. Daktari alikuja akasimama mlangoni, akaitazama, akanitazama, akarudi ofisini kwake. Nilidhani anakwenda kutafuta tochi. Kumbe alikwenda kupiga simu Bungoma.

Asubuhi nilifika nikamkuta Injinia amesimama katika ofisi yangu na begi lake jeusi. Daktari alikuwa ameshanunua mashine mpya kwa jirani mwenye duka la kompyuta, na mashine ilikuwa mezani pangu. Hakunisalimu vizuri. Alisema, "Madam, mpishe Injinia akae."

Nilimpisha. Injinia akakaa kwenye kiti changu, akakivuta mbele, akaweka programu yake kutoka kwenye CD yake, akifanya kazi haraka na vizuri kama kawaida. Kisha, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma kama daktari wa upasuaji na kuniomba bakapu. Kabati langu lilikuwa na mafungu mawili. Moja lilikuwa la skripti yangu. La pili lilikuwa la skripti yake, lile la mwaka mzima, ambalo sikuwa nimelitupa. Nilimpa la kwake. Alikuwa ameniambia mbele ya watu kwamba halina shida, nami nikamwamini. Mpaka leo sijutii.

Daktari alivuta kiti akakaa nyuma yake, na wakulima wawili wa Endebess waliokuwa wakingoja tangu jana wakachungulia dirishani. Data ikarudi. Injinia akasema tayari. Daktari akamwomba amtolee ng'ombe wa mwenyekiti, yule mwenye madoa aliyeshinda maonyesho. Injinia akafungua. Akafunga, akafungua tena.

"Hii ni nini?" Daktari akauliza.

"Ni jibini, Daktari."

"Mimi nimekuuliza ng'ombe."

Injinia alisema labda CD imechanganywa. Nikampa nyingine ya fungu lile lile, akasoma mwandiko juu yake, akaiweka, akakuta samaki wa makopo na mtu wa Ulaya anayeagiza chai. Akatoa mkono kwenye kipanya. Shingo yake kwa nyuma ilikuwa imelowa jasho, nami nilisimama pale nikiitazama, na nasema kweli, nilifurahi. Daktari alianza kuinuka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, kwa sababu kadi zile alizichoma yeye kwa mikono yake, na alikuwa amezikumbuka.

Ndipo nilipotoa CD ya Ijumaa. Nilimwambia Injinia anipishe. Alisimama. Nilikaa kwenye kiti changu, kikiwa na joto lake, nikarudisha bakapu yangu na kumtoa ng'ombe wa mwenyekiti: namba ya sikio, mama, nyanya, fahali, na ndama wake wa mwisho, niliyemwandika Alhamisi. Mmoja wa wale wakulima dirishani akaniomba nimtafutie wa kwake, nikamtafutia. Daktari akasema, "Sawa, madam," akaenda ofisini kwake akafunga mlango. Hilo ndilo neno pekee alilowahi kuniambia juu ya jambo lile. Kiti changu hakikutajwa tena.

Injinia alikuwa akifunga begi. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama skripti yangu niliitoa wapi, nikamwambia niliiandika baada ya ile Jumamosi ya sanduku la maiti. Akauliza kama ya kwake ya Bungoma nayo itakuwa hivyo. Nilimwambia aende akairudishe aone. Hakunywa chai. Aliondoka mvua ikinyesha.

Jumamosi nilikwenda Bungoma bila kualikwa. Nilitaka kumsikia akisema mbele ya watu wale wale. Nilikuta mabenchi yamejaa na Injinia amesimama kando ya ubao, ndevu hazijanyolewa. Hakuzunguka. Alisema ameirudisha bakapu ya kampuni yake, amekuta jibini, miaka yote tangu aanze, na kwamba ni Mungu tu seva yake bado nzima. Alisema Maziwa alisema kweli. Akawaambia kila mtu aende leo hii aangalie ya kwake kabla hajalala.

Hakuna aliyeshtuka. Nilikuwa nimejiandaa kuona watu wakishika vichwa, wakikimbilia mlangoni. Walitazama viatu vyao. Mtihani alianza kukwaruza rangi ya benchi kwa ukucha. Injinia naye aliliona, na akawatazama mmoja mmoja, polepole, kama vile anavyotafuta kosa kwenye mstari.

"Nyinyi mrijua," akasema.

Mwishowe Mama Kuku ndiye aliyesema. Alisema yeye alijua tangu mwaka jana, kabla ya Maziwa. Kuku walikuwa wakiongezeka na faili haliongezeki, akajaribu kwa siri, akakuta vyakula vya Wazungu, akatengeneza ya kwake akanyamaza. Mtihani akasema yeye pia. Mwingine akainua mkono nusu, na mwingine. Kila mmoja alikuwa amelifukua sanduku lake peke yake, mlango umefungwa, akalifukia, akaja Jumamosi kutikisa kichwa. Siku niliyosimama nikachora duara ubaoni, karibu chumba kizima kilikuwa kikijua kwamba nasema kweli, na ndicho kilichocheka. Injinia nilikuwa nimemchukia kwa kutojua. Hawa sikujua niwachukie kwa jina gani.

"Mbona hakuna ariniuriza?" Injinia akasema.

Mama Kuku akamjibu bila ukali, kama mtu anayemweleza mgonjwa. "Tungekuuliza aje, Injinia? Na soda?"

Injinia aliiweka chini chaki aliyokuwa ameishika, akatoka. Tulimsikia nje akisema na muuza soda, na alirudi amebeba kreti mwenyewe, ameikumbatia kifuani. Alitufungulia mmoja mmoja. Alipofika kwangu aliifungua yangu, akaipangusa mdomo kwa kiganja, akanipa. Ilikuwa na joto, haikuwa imeguswa na friji. Watu wote waliacha za kwao wakanitazama kama nitakunywa. Nilikunywa yote, sikuharakisha, wao wakingoja, na sikusema ahsante.

Injinia alikaa kwenye benchi pamoja nasi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema kuanzia leo hakuna soda. Alisema mtu yeyote aulize jambo lolote, hata liwe dogo namna gani, na anayejua atajibu. Akasema, "Haya. Urizeni."

Tuliketi. Nje mtu alikuwa akihesabu mabati, akiyavuta moja moja kutoka dirishani petu, na mwanga wa mchana ukaanza kuingia kidogo kidogo. Mtihani aliangalia chupa yake. Mama Kuku alifungua mkoba, akaufunga. Injinia alingoja mpaka nikaona haya kwa ajili yake, kisha akasimama, akachukua chaki, akaanza kufundisha kama Jumamosi nyingine yoyote, nasi tukanakili.

Mimi nilikuwa na swali. Nilirudi nalo Kitale, na Jumatatu nikafunga mlango nikalitafutia jibu mwenyewe.